Dexa ya kunenepa: kwa nini usiitupe leo

Dada, umeuliza mambo mawili: kwa nini tangu uanze kumeza dexa ya kunenepa (deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi) moyo unakudunda na usingizi umekukimbia, na kama unaweza kuiacha leo. Naanza na la pili: usiiache leo. Mimi ni muuguzi hapa Goma, na yaliyompata wifi yangu yalinifundisha kuliko darasa.

Alikaa mtaa wa Birere, akinunua vile vidonge kwa kuhesabiwa, bila karatasi ya daktari, karibu mwaka mzima. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tukaamriwa kuhama. Tulikwenda mji wa Sake, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Vidonge vikabaki nyumbani. Siku ya nne akaanza kutapika, kila akisimama kizunguzungu, mwisho akaanguka. Wengine walisema mazuku, ile hewa ya sumu itokayo ardhini, wengine kipindupindu. Mimi, na uuguzi wangu wote, nikasema ni njaa na uchovu, nikamtundikia serumu. Presha 70 kwa 40, chini mno. Chupa ya pili ikaisha, presha iko palepale. Muuguzi mmoja mzee akautazama ule uso wake wa mviringo, akauliza, "Huyu alikuwa anameza nini?" Akamdunga hidrokotizoni, dawa ya jamii moja na dexa, miligramu 100 mshipani. Kufika jioni wifi ameketi, anaomba chai.

Kwa nini presha ilianguka? Mishipa ya damu haijibani vya kutosha yenyewe. Ncha za neva humwaga noradrenalini, kemikali ya kuibana mishipa, nayo hudakwa na vipokezi vya alfa, yaani vidaka-ujumbe vilivyo kwenye misuli ya mshipa. Hapo ndipo presha inasimama. Lakini ili seli ziendelee kutengeneza vipokezi hivyo na kuviitikia, zinahitaji kotizoli, homoni ya steroidi itokayo kwenye tezi zilizo juu ya figo. Dexa hufanya kazi kama kotizoli, ila kwa nguvu ya mara 25 hivi. Ubongo ukiiona imejaa damuni huacha kuziamuru tezi, nazo zinasinyaa. Ukikata dawa ghafla huna ya dukani wala ya mwilini, na noradrenalini inamwagwa bure.

Moyo kudunda, sehemu ya jibu ni hiyohiyo kwa upande wa pili. Steroidi hupenya hadi kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni, vipokezi vya beta, vinavyouchochea moyo, vikaongezeka, na adrenalini (ndugu ya noradrenalini) kidogo tu ikautikisa. Kwa mwenye pumu hiyo ni heri: steroidi huyafanya mapafu yaitikie tena salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, ingawa inachukua saa kadhaa.

Usingizi je? Kotizoli hupanda alfajiri. Ukimeza dexa jioni, umeuambia ubongo kumekucha.

Nenda hospitali na pakiti mkononi, useme ukweli: vingapi, tangu lini. Watakupunguzia kidogo kidogo. Ukitapika au ukipata ajali kabla ya kumaliza, jambo la kwanza kutamka ni dexa.

Wifi ilimchukua miezi mitano kuiacha. Na ule unene aliokuwa akiulipia ulikuwa maji na mafuta ya uso na tumbo. Mikono na mapaja yalikuwa yamekonda kitambo.