Kwa mkutubi anayekwenda Ghana: kwanza uliza ufunguo wa kabati uko kwa nani

Wadogo zangu mnaomaliza ukutubi Bagamoyo na kwingineko, najua baadhi yenu mna safari ya kwenda kujitolea kwenye maktaba za shule Ghana. Mimi nilikaa miaka mitatu kaskazini, upande wa Tamale. Mengi mtajifunza wenyewe mkishafika. Lakini kuna jambo moja lililonigharimu muhula mzima kulielewa, na ningependa mwondoke nyumbani mkiwa mnalijua.

Niliambiwa shule niliyopangiwa haina vitabu. Nilipofika nikavikuta. Vilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, vimepangwa kwa urefu, vingine bado vimo kwenye nailoni zake. Juu ya kabati palikuwa na rejista iliyopigwa mistari kwa rula, na kila kitabu kimeandikwa humo kwa namba. Safu ya waliokopa ilikuwa tupu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Nikadhani ni uchoyo. Wiki nyingi nilimwekea kinyongo mzee yule, hadi siku aliponieleza mwenyewe. Mwalimu aliyemtangulia, siku ya makabidhiano, alihesabiwa vitabu kimoja kimoja na vilivyopungua akaambiwa avilipe. Yeye alikuwa shahidi. Mtu mwenye mshahara wa mwalimu, ukimwambia kila kitabu kitakachopotea ni deni lake, atafanya nini? Atafunga. Hata mimi ningefunga.

Ndiyo maana nasema, kabla hujapanga rafu, kabla hujabandika namba za Dewey za kupangia vitabu kwa mada, ongea habari ya kupotea. Sisi tulikaa na mwalimu mkuu, kamati ya shule na mwenyekiti wa wazazi, tukakubaliana kwa maandishi kwamba katika kila vitabu 100, kumi vinaweza kupotea au kuchanika kwa mwaka na asidaiwe mtu. Karatasi ikasainiwa, ikapigwa muhuri, ikasomwa kwa sauti mbele ya wazazi kwa Kidagbani, lugha ya Wadagomba wa pale. Kwenye rejista tukaongeza safu moja mwishoni: "kimechakaa kwa kusomwa". Wiki hiyohiyo kufuli lilitoka. Makosa mengine yangu yote huko yalirekebishika kirahisi, ila huu muhula mzima wa kabati kufungwa sikuweza kuwarudishia wale watoto.

Msifike huko mkidhani mnapeleka jambo geni. Mafunzo ya ukutubi yalianza Achimota, karibu na Accra, mwaka 1944. Sheria ya bodi ya maktaba ilipitishwa 1949, na bodi ikaanza kazi 1950, ya kwanza ya aina yake Afrika kusini mwa Sahara, wakati nchi bado inaitwa Gold Coast. Sisi Tanganyika sheria yetu ni ya 1963. Mwingereza Evelyn Evans aliiongoza bodi ile tangu ilipoanza hadi 1965, na kazi yake kubwa ilikuwa kuvipeleka vitabu vijijini kwa magari na masanduku. Mwaka 1961 Accra ikapata maktaba ya utafiti wa mambo ya Afrika yenye jina la George Padmore, mwanaharakati wa umoja wa Afrika mzaliwa wa Trinidad. Kwa hiyo ukishuka Tamale, nenda kwanza maktaba ya mkoa ukasalimie. Wakutubi wa pale wanazijua shule zenye paa linalovuja na walimu wanaopenda kusoma, mambo ambayo hutayapata kwenye ripoti yoyote.

Na ukisalimia, salimia kweli. Wadagomba wana adabu ambayo Mswahili ataitambua mara moja: mbele ya mkubwa unachuchumaa, unaulizwa habari ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, na kila swali unalijibu "Naa". Usiruke hata moja ukakimbilia shida yako.

Kilichoivuruga kazi ile nzuri ni uchumi. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikauka Ghana, na maktaba zikakosa pesa ya kununua vitabu vipya. Pengo likazibwa na misaada, na hapo ndipo mtakapoonea shida. Nguo za mitumba Waghana wanaziita "obroni wawu", yaani nguo za mzungu aliyekufa. Vitabu navyo vina mitumba yake. Niliwahi kufungua boksi nikakuta miongozo ya kodi ya nchi nyingine, vitabu vya kompyuta zisizotengenezwa tena, na riwaya za watu wazima, vyote vimesafirishwa kwa ajili ya watoto wa darasa la nne. Walimu walikuwa wamevipanga kwenye rafu kwa heshima, maana mgeni aliyevileta angeweza kurudi kukagua.

Una haki ya kukataa. Andika barua ya shukrani, eleza unachohitaji, na kisichofaa kiondoe. Rafu yenye vitabu arobaini vinavyogombaniwa ni maktaba. Rafu iliyojaa vitabu visivyoguswa inamfundisha mtoto kwamba kusoma si mambo yake, na mtoto akishajifunza hivyo utafanya kazi ya miaka kulifuta somo hilo.

Lugha ndiyo kazi kubwa zaidi. Kwa utaratibu wa Ghana mtoto anaanza kufundishwa kwa lugha ya kwao hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza kinashika. Lugha zilizochaguliwa kwa shule za msingi ni 11, Kidagbani kikiwemo. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili hadi darasa la saba ni vigumu kuhisi hali ya mtoto ambaye kitabu cha hadithi kwa lugha ya mama yake hajawahi kukishika.

Tukaamua kuvitengeneza. Alhamisi mzee anakuja, anasimulia, mwalimu anaandika, watoto wanachora. Karatasi za manila tunazikunja katikati, tunatoboa matundu matano kwenye mkunjo, tunashona kwa shazia na uzi wa nailoni, fundo linabaki ndani ili lisikwaruze. Kitabu kilichoazimwa kuliko vyote hakikuwa hadithi. Kilikuwa cha kufuga kanga, wale ndege wenye madoa ambao kule wako kila uani: vifaranga vinakufa kwa nini wakati wa mvua, vilishwe nini wiki ya kwanza. Watoto walikipeleka nyumbani wakawasomea mama zao, na mama mmoja akaja shuleni kudai ukurasa wa dawa urekebishwe kwa sababu tumekosea. Tukaufumua, tukaandika upya, tukashona tena.

Aliyeliona hili mapema ni Kathy Knowles wa Kanada. Alianza kwa kuwasomea watoto wachache chini ya mti nyumbani kwake Accra mnamo 1990, halafu kontena likageuzwa maktaba kule Osu, mtaa wa Accra, na baadaye akawa anachapisha vitabu vya picha za watoto wa Ghana wenyewe. Mtoto akiona sura kama yake kitabuni, hakiachii.

Sasa ya mikono. Harmattan inavuma Disemba hadi Februari, upepo mkavu wenye vumbi laini linalopenya hata dirisha lililofungwa. Gundi inakauka, migongo ya vitabu inapasuka. Futa asubuhi kwa kitambaa kikavu, kuanzia rafu ya juu kushuka. Usizibe palipochanika kwa selotepu, inageuka njano na kuacha doa. Tumia gundi nyeupe ya maseremala na uache usiku mzima chini ya tofali. Mchwa wanapandia ukutani, kwa hiyo acha nafasi ya kiganja kati ya rafu na ukuta, na miguu ya rafu iweke ndani ya makopo yenye oili chafu. Beseni la maji mlangoni la kunawia mikono lisikauke kamwe.

Na angalia saa unayofungua. Nilikuwa nafungua baada ya masomo, nikaona wavulana tu. Wasichana muda ule wako njiani kuteka maji. Nilipohamishia mapumziko ya mchana, benchi likajaa wasichana siku hiyohiyo.

Mwisho wa mwaka wa kwanza tulihesabu, mimi na mwalimu mkuu, mlango umefungwa, yeye anasoma namba na mimi nagusa kitabu. Sita havikuwepo. Nilimwona amenyamaza. Akafungua ile karatasi yenye muhuri, akaisoma tena kama haiamini, halafu akashuka na kidole kwenye safu ya mwisho na kuandika mwenyewe, mara sita: kimechakaa kwa kusomwa.