Ada ya kadi ya safari imefika dola 795: niibakize au niiache?

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Mimi ni muuguzi, naishi Minneapolis na mume wangu na watoto wawili, wa miaka mitano na minane. Tangu Januari 2022 nina kadi ya mkopo ya Chase Sapphire Reserve, na mume ana kadi ya nyongeza kwenye akaunti hiyohiyo. Nilipoichukua, ada ya mwaka ilikuwa dola 550 na ya mume dola 75. Januari inayokuja nitatozwa 795, na mume 195. Nyumbani Dar tunakwenda kila baada ya miaka miwili, safari ijayo ni Julai 2026, na tiketi zetu nne hugharimu kama dola 6,400. Hapa tunakula nje kwa dola 200 hivi kwa mwezi. Nina pointi 84,000 za tangu zamani, sijazigusa. Na nikiri jambo moja: tangu kiangazi nina deni la dola 2,000 kwenye kadi hiyo, linapungua taratibu sana. Niifunge?

JIBU: Dada, umeliweka deni mwishoni mwa barua kama jambo dogo. Mimi naanza nalo. Kama riba ya kadi yako ni asilimia 25, kiwango cha kawaida kwa kadi za aina hii, deni la dola 2,000 likikaa mwaka mzima linakula karibu dola 500. Hakuna pointi utakazokusanya kwa chakula na nauli zitakazofidia hasara hiyo. Nimefanya kazi kitengo cha kadi miaka tisa, na familia nilizoona zikiumia ni zile zilizokuwa zinafukuzia maili huku zimebeba deni. Kwa hiyo matumizi mapya kwenye kadi hii yasimame kwanza, isipokuwa yale utakayolipa yote mwezi huohuo.

Sasa tuje kwenye ada. Benki inatangaza manufaa ya zaidi ya dola 2,700 kwa mwaka. Usiihesabu kadi kwa namba ya benki. Kwa kila faida jiulize: kama nisingekuwa na kadi hii, ningetoa pesa yangu mwenyewe kununua kitu hiki? Kama ndiyo, andika kiasi ambacho ungelipa. Kama hapana, andika sifuri, hata kama utaitumia kwa sababu ipo.

Marejesho ya dola 300 za safari yanapita mtihani huo moja kwa moja. Ukinunua tiketi au ukilipa hoteli yoyote, benki inakurudishia yenyewe. Hizo ni pesa taslimu. Apple Music imo ndani ya kadi mpaka Juni 2027, na kama tayari unalipa karibu dola 11 kila mwezi, andika 132. Chakula cha kuletewa nyumbani kwa DoorDash nakuandikia 60, kwa kukisia. Kumbi za kusubiria ndege, kwa watu wanaosafiri mara moja katika miaka miwili, nakuandikia 50 kwa mwaka, na hapo nimekuwa mkarimu.

Dola 500 za hoteli je? Zimegawanywa mara mbili, 250 kila mara, ni kwa hoteli za orodha maalumu tu, na lazima ulale angalau siku mbili. Dola 300 za migahawa ni kwa migahawa iliyochaguliwa. Dola 300 za StubHub ni za tiketi za matamasha na michezo. Nyingine ni za uanachama wa mazoezi wa Peloton. Ninyi mkifika Dar mnalala kwa mama. Andika sifuri mara nne bila huruma.

Kwenye pointi, mlinganisho wa haki ni na mdogo wake, Chase Sapphire Preferred, yenye ada ya dola 95. Migahawani zote mbili hutoa pointi tatu kwa dola, hapo ni sare. Tiketi ukizinunua kwa shirika la ndege lenyewe, Reserve hutoa nne na Preferred mbili. Dola 6,400 kwa miaka miwili ni 3,200 kwa mwaka, kwa hiyo Reserve inakuzidishia pointi 6,400. Kwa senti moja na nusu kila pointi, ni dola 96.

Jumla yako ni 638. Unalipa 990.

Lakini tazama vizuri pengo hilo linatoka wapi. Ukiondoa kadi ya mume, unalipa 795, na Reserve inakugharimu dola 157 halisi dhidi ya 95 za Preferred. Tofauti ni dola 62 tu. Kinachokuumiza zaidi ni ile kadi ya pili. Wewe peke yako unaingia ukumbini na wageni wawili, kwa hiyo kadi ya mume inamwingiza mtu mmoja tu wa nne. Kwa miaka miwili, hadi safari nyingine ifike, mnakuwa mmelipa dola 390 kwa ajili ya mtu huyo. Hata mkimlipia mlangoni kila uwanja, kwenda na kurudi, hamfiki huko.

Usingekuwa na deni, ningekuambia ibaki, kwa sababu ya bima. Reserve inalipa hadi dola 500 kwa kila tiketi ndege ikichelewa zaidi ya saa sita, na Preferred inasubiri saa 12. Reserve pia ina bima ya kuhamishwa kwa dharura ya kiafya hadi dola 100,000, na mwenzake hana. Kwa mtu anayepeleka watoto wadogo mbali hivyo, dola 62 kwa bima hiyo si ghali. Ila deni lipo, kwa hiyo naamua hivi: shuka kwenda Preferred, kisha kwa safari ya Julai nunua bima ya safari peke yake. Kadi ya nyongeza huko ni bure, na Reserve na Preferred zote hazikati asilimia ukilipa nje ya Marekani.

Shuka, usifunge. Ukiomba ubadilishiwe aina ya kadi, akaunti inabaki ileile na umri wake, kiwango cha mkopo hakipotei, na hakuna ukaguzi mpya wa historia yako.

Kabla ya kupiga simu, shughulikia zile pointi. Zilizopatikana kabla ya tarehe 26 Oktoba 2025 bado zina thamani ya senti moja na nusu ukinunulia tiketi ndani ya Chase Travel, tovuti ya safari ya benki, mpaka 26 Oktoba 2027, maadamu una Reserve. Pointi 84,000 ni dola 1,260. Lakini tazama kwanza Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM ambako pointi hizo zinaweza kuhamishiwa, maana kutoka kwenu kuna ndege ya moja kwa moja hadi Amsterdam, na KLM inaendelea Kilimanjaro na Dar. Watoto wa miaka 2 hadi 11 hupunguziwa maili kwa asilimia 25. Hakikisha kiti kipo ndipo uhamishe, kwa sababu pointi zikishahamia huko hazirudi.

Ada ikiingia kwenye taarifa ya mwezi, kwa kawaida una siku 30 za kushuka na kurudishiwa. Kadi ya mume haina haja ya kungoja Januari. Iondoe wiki hii.