Usigeuze Sehemu Kabla Hujajua Unatafuta Nini

Kwa miaka mingi niligawanya sehemu kwa kukariri: geuza ya pili (namba ya juu iende chini, ya chini ije juu), kisha zidisha. Majibu yalitoka sahihi, lakini siku mdogo wangu aliponiuliza kwa nini 3/4 ikigawanywa kwa 1/8 jibu ni 6, namba kubwa kuliko zote mbili tulizoanza nazo, sikuwa na la kumwambia.

Tangu hapo, kabla sijageuza chochote, huuliza kwanza: ya pili imo mara ngapi ndani ya ya kwanza? Robo moja ina thumuni (1/8) mbili, kwa hiyo robo tatu zina thumuni sita, na swali limekwisha bila kanuni yoyote. Pale ambapo vipande haviingiani kwa urahisi, kama 2/3 kugawanya kwa 3/4, zipe sehemu zote mbili asili (namba ya chini) moja, yaani 8/12 na 9/12. Asili zikishalingana hazina kazi tena, na kinachobaki ni 8 kugawanya kwa 9, yaani 8/9. Sasa itazame hiyo 8 ilikotoka: ni 2 mara 4, na 9 ni 3 mara 3, jambo ambalo ndilo hasa tunalolifanya tunapozidisha 2/3 kwa 4/3. Kumbe kugeuza ni njia ya mkato ya kazi hii hii.

Kuzidisha kuna matata machache, mradi alama ya kuzidisha uisome kama "ya": nusu ya robo tatu ni 3/8. Fupisha kabla ya kuzidisha, kwa sababu 14/15 mara 25/28 inatisha hadi utakapoona kwamba ni 1/3 mara 5/2, yaani 5/6. Namba mchanganyiko, yaani namba nzima pamoja na sehemu, nazo zibadilishe kwanza ziwe sehemu guni, ambazo namba ya juu si ndogo kuliko ya chini, kama 2 1/2 kuwa 5/2. Mimi nilikuwa nikizidisha namba nzima peke yake na sehemu peke yake (uvivu tu), nikapata 2 1/6 kwa 2 1/2 mara 1 1/3, ilhali jibu ni 3 1/3.

Kosa linalojificha zaidi ni kugeuza sehemu ya kwanza badala ya ya pili. Anayelifanya kwenye swali la mdogo wangu atapata 1/6, na hesabu yake itaonekana safi kabisa, isipokuwa akikumbuka kuwa thumuni ni ndogo kuliko robo tatu, hivyo lazima iingie humo zaidi ya mara moja.