Jibu: "Kuwa na shaka" kwa Kihispania ni dudar, lakini si kila shaka

Mkuu, umeuliza "kuwa na shaka" Wahispania wanasemaje, na kwa nini hoteli imekuandikia "No dude en consultarnos cualquier duda" halafu programu ya simu ikakupa "Usiwe na shaka kutushauri shaka yoyote". Nimecheka, lakini cheko la mtu aliyewahi kuaibika.

Neno ni dudar, nomino yake duda. Halina ukorofi: dudo, dudas, duda, dudamos, dudáis, dudan. Ile d ya pili hutamkwa kama dh yetu ya "dhahabu", kwa hiyo sema "dudha", wala usilisome kama unamtaja mdudu. Asili yake ni Kilatini, dubitare, na humo ndani imejificha duo, yaani mbili. Mwenye duda yuko njia panda, roho yake ina pande mbili. Shaka yetu sisi tumeitoa kwenye Kiarabu, na haina habari ya mbili wala tatu. Ndiyo maana maneno haya yanakutana mahali fulani tu, kisha kila moja linashika njia yake.

Mimi nimetembeza wageni Mji Mkongwe miaka kadhaa, Kihispania nimekiokota humo humo kazini. Siku moja tuko Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Nimemaliza kueleza kwamba soko lilifungwa 1873, mama mmoja akanyoosha mkono: "Tengo una duda." Nikajua huyu hajaniamini. Basi nikaanza kujitetea: Sultani Barghash, mkataba na Waingereza wa Juni mwaka huo, Askofu Steere na ujenzi wake, jasho linanitoka. Mama kanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, ndipo akauliza kama ndani inaruhusiwa kupiga picha.

Tengo una duda maana yake ni "nina swali", au "kuna kitu sijakielewa vizuri". Mwalimu akimaliza somo huuliza "¿Alguna duda?", yaani kuna swali? Hakuna anayemshuku mwenzake hapo.

Na hiyo "kushuku" ndiyo mtego mkubwa zaidi, sikiliza vizuri. Kiswahili "nina shaka na yule mtu" mara nyingi ni kusema kwamba yule huenda ni mwizi. Dudar hugeuza kinyume. Kuna wakati sokoni niliona kijana anatufuata kila kona, nikawanong'oneza wageni: "Dudo que ese hombre es ladrón." Nilidhani nimewatahadharisha. Wao walisikia "sidhani kama yule ni mwizi", wakashukuru, wakatoa na simu mfukoni wapige picha za karafuu! Nilitakiwa kutumia sospechar: "Sospecho que es un ladrón." Au kwa mazungumzo ya kawaida, "me da mala espina", roho yangu haijatulia naye. Kumbuka hivi: sospechar unaelekea kuamini jambo, dudar unaelekea kulikataa. Ukitaka kusema humwamini mtu, hapo sawa, "dudo de él", au "desconfío de él" ambayo ni nzito kidogo.

Sentensi yangu ile ilikuwa na kosa jingine pia, es badala ya sea. Baada ya dudo que kitenzi huchukua umbo wanaloliita subjuntivo, ambalo kwa sura linafanana na letu la "aje, aende, awe". Dudo que venga: sidhani kama atakuja. Sisi tunasema "atakuja", wao ni kama wanasema "aje". Ukikanusha, "no dudo que vendrá", shaka imeondoka na kitenzi kwa kawaida kinarudi hali yake ya kawaida. Usijitese sana na hili mwanzoni, watakuelewa tu.

Kwa upande wetu sasa. "Usiwe na shaka" tunayomwambia mgeni aliyechelewa boti si "no dudes". Ni "no se preocupe", maana pale shaka ni wasiwasi. "Mashaka" ya maisha ni apuros au penas, hayahusiani na duda hata chembe. "Bila shaka" ni sin duda ukiwa unathibitisha hoja, ila mtu akikuuliza "naweza kukaa hapa?" mjibu "claro" au "por supuesto". Ukimjibu sin duda atakaa, ila utaonekana unatoa hotuba.

Tukirudi kwenye barua yako. Dudar en, ikifuatiwa na kitenzi, ni kusita. Kwa hiyo "no dude en" ni "usisite", kwa heshima ya usted, yaani "wewe" ya adabu. Rafiki angekuandikia "no dudes en". Na duda ya mwisho ni ile ya yule mama wa Mkunazini. Sentensi nzima: "Usisite kutuuliza swali lolote." Wajibu tu "Muchas gracias", halafu "tengo una duda", uulize hilo la kifungua kinywa ulilosema linakusumbua.