Nilivyoifufua Blithe Spirit: jifunze kutoka kwangu

Jumamosi tumemaliza kuonyesha Blithe Spirit katika ukumbi mdogo huku Uingereza, viti vyote vimejaa, nami nyuma ya pazia nikalia. Nililia kwa sababu mwaka juzi niliiongoza tamthilia hiyohiyo ikanifia mikononi.

Mwandishi Mwingereza Noël Coward aliiandika mwaka 1941, London ikiwa imetoka kupigwa mabomu, na humo ikachezwa mara 1,997. Charles, mwandishi wa riwaya, anamwalika mwita mizimu, Madame Arcati, apate vya kuandika. Anayekuja ni Elvira, mkewe aliyekufa, na Ruth, mke wa sasa, yupo palepale sebuleni.

Mwaka juzi niliileta kwenye maisha ya leo kwa vifaa. Charles akawa mtangazaji wa podikasti, santuri ikawa spika, Elvira nikamrusha ukutani kwa projekta. Watu wakatazama ukuta, hawakucheka. Mwanakamati mmoja akaniambia mbele ya waigizaji wangu kwamba nina mitambo, sina mchezo. Yananichoma hadi leo, na alisema kweli.

Ndugu mwongozaji mwenzangu, kicheko chote kiko hapa: Charles peke yake ndiye anayemwona na kumsikia Elvira. Akimfokea Elvira, Ruth anadhani kafokewa yeye. Kwa hiyo Elvira awe na mwili, akae kwenye kochi kati yao. Safari hii wiki mbili za mazoezi ziliishia kwenye macho ya Ruth tu. Asimtazame Elvira, hata kope isicheze, mpaka Elvira abebe chombo cha maua na Ruth akione kinatembea hewani.

Ruhusa ya wenye haki iombe mapema, kwa maandishi. Usibadili neno kabla ya hapo.

Na Edith, mtumishi wa ndani, usimwondoe eti nyumba za leo hazina mtumishi. Mwaka juzi nilimfanya sauti ya kompyuta, nikajikata mguu, maana mwishoni ndiye anayegundulika kuwa aliwaita wafu bila kujua. Nimesafisha nyumba za watu huku kwa miaka minne. Najua mtu anavyoweza kuwa chumbani, na kitambaa mkononi, na asionekane na yeyote. Tukisema tunaileta tamthilia leo, tumlete na huyo, tumpe mwigizaji wetu bora, tuache kumpa aliyebaki.

Jumamosi, katika tukio hilo la mwishoni, Edith alipoingia na bendeji kichwani, ukumbi ulinyamaza kwanza, kisha ukalipuka.