Nikivuta mbali, tembo anatoka na ukungu

Shikamoo fundi. Kamera yangu ndogo huvuta mara 30. Jioni kule Ruaha nilipiga tembo ng'ambo ya mto, akatoka na ukungu. Lenzi ni mbovu? (Msomaji, Iringa)

Marahaba. Lenzi ni nzima. Soma ukingo wake: kama imeandikwa 3.3–6.4, namba ya pili ndiyo tundu la kupitishia mwanga ukivuta hadi mwisho, na namba ikikua tundu hubana. Hapo mwanga unabaki karibu robo! Kamera hufidia kwa kuchelewesha shata (kilango cha mwanga), mkono ukatikisa picha, au kupandisha ISO (wepesi wa kuhisi mwanga), chenga zikajaa. Kamera ya Panasonic FZ200 hubaki 2.8 mwanzo hadi mwisho, ila haiingii mfukoni. Mimi nikiwa Kitulo jioni, huvuta nusu tu, kamera nimeilaza juu ya kifuko cha mchele wa Kyela.