Kushona, kuchora na malengo ya mwaka

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nashona mifarishi ya viraka vya kitenge, usiku najaribu kuchora kwenye tableti, na mwaka huu nilipania kujifunza Kifaransa na kutembea kila asubuhi. Vyote vinaishia njiani. Niache kipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kushona na kuchora usitenganishe, ni kazi moja hiyo. Tandika vitambaa sakafuni kabla hujavikata, vipige picha, kisha iondoe rangi picha hiyo ibaki nyeusi na nyeupe. Utashangaa: chungwa na kijani ulizodhani zinapishana zimekuwa kijivu kilekile, na ua ulilolipanga kwa viraka limezama, halionekani. Badilisha hapohapo kwenye tableti, maana kitambaa kikishakatwa hakirudi. (Na ufue kwanza, hasa chekundu, kisije kikachujia vyeupe.)

Na viraka usividharau: akina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi. Mwaka 2002 mifarishi yao ikatundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney, New York.

Kutembea endelea, mgongo wa mshonaji unakudai. Kifaransa ndicho ningekiweka kando, mpaka mfarishi ulioanza uumalize kupinda kingo.